Mpangaji Hewa

Kama kungekuwa na shahada ya kubana matumizi, Mhandisi angekuwa ameshaitwa profesa. Mkate aliununua dakika za mwisho kabla duka halijafungwa, ukiwa umebandikwa karatasi nyekundu ya kushushwa bei. Chuoni alikwenda kwa miguu, mwendo wa saa nzima, iwe mvua iwe jua. Mchana alipiga pasi ndefu, bila kutia kitu tumboni, mpaka jioni. Jina la Mhandisi alipewa na mama yake, fundi cherehani, siku alipopata nafasi ya kusoma ng'ambo, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine, ingawa hajajenga hata kalvati.

Lakini kilichomweka mjini hasa ni makazi. Kilikuwa chumba na sebule ghorofa ya nne, mkataba wa watu wawili: Mwenyekiti, mwanafunzi mkongwe aliyeitisha vikao kwa sababu ya sufuria chafu, na Mpishi, aliyefanya kazi hotelini. Mhandisi alilala sebuleni nyuma ya kochi, nje ya mkataba. Alijiita mpangaji hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa mshahara bila kuwepo. Tofauti ni kwamba yeye alikuwepo, na hakulipwa na mtu.

Nchi ile barua hufuata jina. Kama jina lako halipo kwenye sanduku la barua pale chini mlangoni, mtu wa posta hana habari nawe. Kwa hiyo chini ya majina mawili ya halali Mhandisi alibandika kikaratasi chenye jina lake. Kila wakala wa mwenye nyumba alipokuja kukagua, Mhandisi alikibandua haraka, kisha wakala akishaondoka akakirudisha.

Mara ya mwisho selotepu iliisha. Akakitia kikaratasi mfukoni na kwenda dukani. Aliishika selotepu, akaitazama bei, akairudisha kwenye rafu. Nani angemwandikia yeye, wakati mama hupiga simu? Hakukumbuka kwamba wiki iliyotangulia alikuwa amepeleka maombi ya kuongezewa kibali cha kuishi, na bila kibali hakuna mtihani wa mwisho. Miaka mitatu na nusu nyuma ya kochi ilikuwa imebakiza wiki kumi tu.

Kimya kilipozidi, akaenda ofisi ya uhamiaji.

"Tulikuandikia, kaka," karani alisema, macho kwenye faili. "Mara mbili. Ulitakiwa ulete barua mpya ya chuo ndani ya siku kumi na nne."

"Sijapata barua yoyote, mama."

"Ndiyo, zimerudi zote. Ona hapa. Hajulikani katika anwani hii."

"Lakini naishi pale! Nalala pale kila siku!"

"Kwenye sanduku hakuna jina lako."

"Basi naomba nikailete sasa hivi. Chuo ni hapo tu, nitakimbia."

Karani alimtazama kwa mara ya kwanza, na huruma ile usoni mwake ndiyo iliyommaliza Mhandisi nguvu. "Faili limeshafungwa, mwanangu. Subiri uamuzi. Utakuja kwa barua."

Njiani alinunua selotepu. Hakuuliza bei. Alitaka kulia palepale dukani, akajikaza. Akaandika jina lake upya kwa herufi kubwa kuliko majina ya wenye mkataba, akalibandika sandukuni kwa selotepu tabaka nne.

"Wewe, umechanganyikiwa?" Mwenyekiti alimjia juu. "Wakala akiliona tunafukuzwa wote!"

"Aone."

Mwenyekiti alifungua kinywa aitishe kikao, akamwangalia usoni, akaghairi. Mpishi akamsogezea sahani ya chakula. Mhandisi hakuigusa.

Kwa siku nane alikaa kwenye ngazi kila asubuhi akimsubiri mtu wa posta. Siku ya tisa mzee yule alisoma sanduku, akatabasamu.

"Kumbe upo! Hili jina nimelirudisha mara mbili, nikasema huyu mtu alishahama." Akampa bahasha, akaenda zake na furaha ya mtu aliyetenda wema.

Tangu ahamie pale, hiyo ndiyo barua ya kwanza kumfikia. Ilikuwa na aya tatu. Maombi yamekataliwa kwa kushindwa kujibu. Aondoke nchini ndani ya siku thelathini. Aliisoma tena na tena, akitafuta neno la kushikilia, akalikosa. Aliichukia selotepu, akalichukia kochi, akajichukia yeye mwenyewe zaidi.

Simu ikaita. Mama.

"Mhandisi wangu! Suti ya mahafali imekwisha, nimemalizia vifungo leo. Vile vipimo ulivyonitumia ni vilevile vya zamani, eh? Hujapungua?"

"Sijapungua, mama." Mkono wake ulishika suruali iliyofungwa kwa kamba.

"Alhamdulillah. Posta wanasema itachukua wiki sita, itakuwahi. Haya, nitajie anwani yako vizuri, baba, isije ikapotea. Naandika."

Akafumba macho. Akamtajia jina lake lote, mtaa, namba ya jengo, hata ghorofa, polepole, na mama akarudia kila neno huku akiandika.