Kitunda cha Luqman

Mwanakheri alikuwa mtu wa mbegu. Nyumba yake ya Bofu ilizungukwa na madumu yaliyokatwa vichwa, na ndani yake mlikuwa na miche ambayo majirani hawakuijua hata kwa jina. Kulikuwa na mdoriani mmoja kutoka Pemba, mishokishoki minne, mitatu kati yake madume matupu yasiyozaa kitu, na kijiti kimoja kifupi, kikaidi, ambacho mwanawe Luqman, baharia, alimletea mbegu yake kutoka Afrika Magharibi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa kibichi. Kijiti hicho kilimtesa. Udongo wa chokaa wa hapo kwake ulikigeuza majani ya manjano, mpaka akaenda kuomba udongo mwekundu Shimba na kukihamisha. Alikibembeleza miaka mingi kuliko alivyowabembeleza wanawe.

Asubuhi hiyo alikuta kimezaa vitunda vyekundu, vidogo kama kunazi.

"Hatimaye!" akasema peke yake, akacheka kwa furaha.

Alichuma vinne, akavifyonza kimoja baada ya kingine, akatema kokwa kwenye bakuli ili azipande. Havikuwa na ladha ya kutajika. Taabu yote ile kwa hiki? Akasonya, akaingia jikoni. Siku hiyo wakwe watarajiwa wa bintiye Jalila walikuwa wanakuja kula, na walikuwa wameahidiwa samaki wa kupaka wa Mwanakheri, ambaye sifa zake zilikuwa zimevuka feri zamani.

Alibandika tui, akatia ukwaju, akaonja. Tamu! Si utamu wa chakula kizuri, la, utamu wa uji wa mtoto.

"Jalila!"

"Abee, mama!" Jalila aliitikia kutoka sebuleni, alikokuwa akipanga mito.

"Nani katia sukari humu?"

"Sukari kwenye samaki? Mama nawe!"

Akaongeza ukwaju. Utamu ukazidi. Akakata ndimu, akailamba: chungwa. Akakata ya pili: chungwa. Akalamba chumvi, ikawa chumvi. Akagusa pilipili, ikamchoma kama siku zote. Basi akakamua ndimu sita nzima ndani ya sufuria, akaonja tena, na mchuzi ukawa kama sharubati. Akasimama katikati ya jiko na mwiko mkononi, asijue aamini nini, ulimi wake au macho yake.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Marehemu mamake, Bi Mwanasaumu, alianzia jikoni vilevile. Alitia sukari kwenye kitoweo na kuapa wallahi ni chumvi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa akimwita Mwanakheri "bibi we" kama mgeni. Mwanakheri alikuwa ameomba usiku na mchana asipatwe na maradhi yale.

Kache, jirani yake wa Kigiriama, akaingia kwa mlango wa uani, ingawa Mwanakheri hakuwa amemwita.

"Shoga, onja hapa," Mwanakheri akamwambia kwa sauti ndogo. "Uniambie kweli."

Kache akaonja. Uso mzima ukamkunjamana.

"Hii siki au mchuzi?"

"Kwangu mimi ni tamu, Kache. Hata ndimu ni tamu. Nimekwisha."

Kache akatazama huku na huku, akaliona bakuli la kokwa, akaangua kicheko.

"Hujaisha popote! Si vitunda vya Luqman hivi? Mtu akivila, kila kichachu humgeukia kitamu. Ngoja saa moja tu, ulimi utarudi."

Machozi yalimtoka Mwanakheri kwa nafuu. Alimkumbatia Kache, akacheka, akajifuta kwa kanga. Kisha akamtazama Kache usoni.

"Wewe umeyajulia wapi haya?"

"Kwako! Idi ya mwaka jana. Ulinilisha vitatu, ukanipa ndimu nikaila na maganda yake, ukacheka mpaka ukakaa chini. Jalila akatupiga picha."

Akatoa simu, akamwonyesha. Mwanakheri alijiona amekaa chini uani, kanga imemteleza, mdomo wazi kwa kicheko. Nyuma yake kile kijiti kilikuwa kimejaa vitunda vyekundu. Aliitafuta siku hiyo kichwani, akaitafuta tena, hakuipata. Asubuhi hii angeapa kwamba kijiti hakijawahi kuzaa.

"Enhe," akasema. "Nakumbuka."

Kache akaizima simu.

"Lakini Jalila usimwambie kwamba nime..."

Kache akamshika mkono. "Jalila anajua, shoga yangu. Ndiye aliyeniomba nije nionje kabla wageni hawajafika."

Mwanakheri akakaa juu ya mbuzi ya nazi, akajifunika uso kwa kanga, akalia.