Mgeni wa Musira

Trupti alikuwa na miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Bukoba, na hakuwahi kukanyaga kisiwa cha Musira ingawa kinaonekana wazi ukisimama ufukweni. Baba yake, mzee Kirit, alizoea kusema kisiwa hakikimbii, watakwenda Jumapili nyingine. Sasa mzee Kirit alikuwa Kanada kwa mwanawe Bhavik, duka la vitambaa lilikuwa mikononi mwa Trupti peke yake, na Jumapili za mtaani kwake Bilele zilikuwa ndefu kuliko siku nyingine zote.

Ndiyo maana alipoona tangazo kwenye simu, Musira kwa siku moja, chakula cha asili, mapango, na muziki ufukweni jioni, alijiandikisha kabla hajabadili mawazo.

Alipofika kwenye boti alikuta kundi zima ni walimu wa shule moja ya Kagoma, wilaya ya Muleba, waliokuja pamoja kwa basi dogo la kosta. Walikuwa wakitaniana kwa Kihaya na kufungiana majaketi ya kuelea. Kiongozi wa safari, kijana aitwaye Philbert, alimkimbilia Trupti na kumkaribisha Tanzania kwa Kiingereza.

"Mimi ni wa hapahapa," Trupti alisema kwa Kiswahili. "Nakaa Bilele."

"Ooh! Basi karibu sana, madam," Philbert akajibu, na kuanzia hapo akawa anazungumza naye polepole, kwa sauti kubwa, kama mtu anayesema na asiyesikia vizuri.

Kisiwani upepo ulikuwa mzuri. Ndege weusi walijaa kwenye miamba, na moshi wa kuni ulipanda kutoka nyuma ya nyumba za wavuvi. Akina mama wa kisiwa walitandika majani ya migomba kivulini, wakamimina ebitoke, ndizi za Kihaya zilizopikwa na maharage, pembeni samaki wa kukaanga. Walimu wakavua viatu, wakakaa chini kuzunguka majani, wakaanza kula kwa mikono.

Trupti alikuwa ameinama kuvua viatu vyake Philbert alipomgusa bega.

"Madam, wewe tumekuandalia huku."

Chini ya mti mwingine palikuwa na meza ya plastiki iliyofunikwa kitambaa cheupe, kiti kimoja, uma, na sahani ya wali. "Najua ninyi Wahindi hamli samaki," Philbert alisema kwa fahari. "Nikawaambia wakupikie chako kwenye sufuria mpya."

Trupti alikuwa akila ebitoke na maharage tangu alipoota meno. Lakini mama aliyepika wali alikuwa amesimama palepale, amefumbata mikono, anangoja kuona kama mgeni ataupenda. Trupti akaketi, akaonja, akamshukuru kwa Kihaya, "Kasinge, mama, ni mtamu." Mama yule akacheka kwa furaha na kurudi kwa wenzake. Trupti akala akiwa amewapa mgongo, akisikia vicheko bila kujua wanacheka nini.

Baada ya chakula walipanda mlima hadi kwenye mapango, kisha juu kabisa, ambako mji wote wa Bukoba ulionekana ng'ambo, mabati yake yakimetameta. Trupti alijaribu kulitafuta paa la duka lake asilione. Walimu walijipanga kupiga picha.

"Dada, samahani," mmoja alimwita, akimnyooshea simu. "Tusaidie tutokee wote."

Akawapiga picha nne. Wakamshukuru, wakainamia simu kutazama nani amefumba macho.

Wakati wa kurudi, mwalimu mmoja wa makamo, ambaye wenzake walimwita Benadetha, alikaa karibu naye ndani ya boti. Alimtazama kwa muda.

"Wewe si binti wa mzee Kirit? Mama yangu alinunua kwake kitambaa cha gauni langu la komunyo."

"Ndiye baba yangu."

"Mzee yule! Na Kihaya chake! Alisharudi kwao?"

"Yuko Kanada, kwa kaka yangu."

"Na wewe unaondoka lini?"

Aliuliza kwa upole. Trupti alitazama maji. Swali hilo aliulizwa sokoni, benki, hata na wateja waliokuja kununua mita mbili za kitambaa.

"Sijui," alisema.

Jioni, ufukweni Bukoba, spika zilikuwa zimeshafunguliwa. Walimu waliingia kucheza wakiwa na mikoba yao. Trupti alikaa pembeni na soda yake. Simu ikalia. Alikuwa baba yake. Huko kwake ilikuwa mchana.

"Kelele gani hizo?" mzee aliuliza kwa Kigujarati.

"Muziki, baba. Tulikwenda Musira."

"Musira! Ulikwenda na nani?"

"Na rafiki zangu," alisema, na neno likawa limeshatoka.

"Una rafiki! Washa video niwaone."

Trupti akasimama, akaingia katikati ya watu wanaocheza, akanyanyua simu juu. Wimbo wa arusi wa Kihaya ulikuwa ukipigwa. Kwenye kioo mzee Kirit alionekana ndani ya sweta mbili, nyuma yake dirisha jeupe, akitikisa mabega.

"Yule mwenye kilemba anaitwa nani?"

"Benadetha."

Benadetha alisikia jina lake, akaja. Alipoona uso kwenye simu alipiga makofi, akamsalimu kwa heshima. "Kasinge waitu, mzee Kirit!"

"Wewe ndiye rafiki wa binti yangu?" mzee aliuliza kwa Kiswahili.

Benadetha alimtazama Trupti mara moja tu. "Sana, waitu. Tumeshinda pamoja."

Kisha wakahamia Kihaya, na Benadetha akaondoka na simu hadi mahali penye utulivu. Trupti alibaki katikati ya wachezaji, mikono mitupu, hadi wimbo ukaisha.

"Amelia kidogo," Benadetha alisema alipoirudisha simu, "lakini amefurahi." Honi ya kosta ikalia. "Njoo Kagoma siku moja."

"Nitakuja."

Benadetha akakimbia kuwahi wenzake. Hakuna aliyekumbuka kuomba namba ya mwenzake.

Jumapili iliyofuata mzee Kirit alipiga tena. Aliuliza kuhusu duka, mvua, bei ya ndizi. Kisha akauliza, "Benadetha hajambo?"

Trupti alikuwa amekaa sebuleni, dirisha limefungwa.

"Hajambo, baba. Yupo hapa. Ameingia jikoni kuchemsha chai."

"Vizuri, vizuri. Mwambie namsalimu."

Trupti akageuza uso kuelekea jikoni pasipo na mtu, akapaza sauti kidogo.

"Benadetha, baba anakusalimu."

Mzee akasubiri ng'ambo ya simu, na Trupti naye akasubiri.