Kona ya Juu ya Kitanda

Zubair alikuwa amesema atakuja na pikapu baada ya alasiri, na mbingu ya mtaa wa Mbotela ilikuwa imevaa kaniki tangu adhuhuri. Hikma aliyasubiri yote mawili, mvua na shemeji yake, wala hakujua amwombe Mungu azuie lipi kwanza.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mumewe Farid alikuwa amefariki, naye alikuwa akikaa eda, hatoki nje wala haonani na mwanamume wa kando mpaka eda iishe. Matanga hayajapoa, paa likaanza kuvuja. Na si kuvuja kwa kukinga sufuria ukaendelea na shughuli zako. Maji yaliteremka ukutani hadi godoro likalowa chapachapa. Mama mkwe wake, Bi Aqsa, aliyehamia pale kumliwaza, akampigia simu mwanawe Zubair akamwambia nyumba inavuja. Zubair, kwa huruma ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake, akasema hiyo ni dharura na sheria inaruhusu: shemeji yake atamalizia eda kwenye fleti moja kule Kayole, na nyumba hii itiwe kufuli.

Kufuli, ati. Hikma hakuwa mtoto. Nyumba ilikuwa bado kwa jina la Farid, na kabla jina halijabadilishwa, aliye ndani ndiye mwenye neno. Akitoka yeye, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa Zubair, harudi tena.

"Nipe leo tu, mama," alimwomba Bi Aqsa. "Fundi aje atengeneze. Mvua ikinyesha na pakavuja, nitafunganya mwenyewe bila neno. Pasipovuja, nakaa nyumbani kwangu."

Bi Aqsa hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu amechoka kulala na ubaridi wa godoro bichi. Akakubali.

Basi akaitwa Thuo, fundi wa mabati aliyeshirikiana na Farid kazi nyingi. Lakini chumba cha mwanamke aliye edani hakiingiwi hivi hivi. Bi Aqsa alivuta kiti, akakiweka mlangoni pa chumba, akakikalia.

"Mama, sasa nitaziba aje mahali sijaona?" Thuo alilalamika kutoka uani.

"Utaziba kwa huko huko juu. Hapa hupiti."

Hikma alisikia ngazi ikigonga ukuta, kisha buti za Thuo zikitembea juu ya kichwa chake. Chumba hakikuwa na dari, ni mbao na mabati tu. Akachukua mwiko mrefu wa pilau, akapanda juu ya stuli, stuli yenyewe iko juu ya kitanda, akagonga bati pale matone yalipokuwa yakianzia. Nyundo ikamjibu kutoka juu, to, to.

"Hapo ni pazima," Thuo aliita. "Maji inatembea kwa mbao kabla ianguke. Fuata alama yake mpaka mwisho, usiniache."

Akaifuata. Alama nyeusi ilipanda na ubao, naye akagonga, akasogea, akagonga tena, stuli ikiyumba, hadi mwiko ukafika konani, pale paa linapokutana na ukuta mrefu wa ghorofa ya jirani. Nyundo ikagonga mara moja, kisha kimya. Ngurumo ikapita mbali kidogo. Hikma akaingiwa na hofu kwamba shimo ni kubwa kuliko fundi.

Thuo alishuka na utepe mrefu wa bati uliokunjwa, akamwonyesha Bi Aqsa. Hikma alijibanza nyuma ya pazia la mlango akisikiliza.

"Hii flashingi ndiyo inazuia maji kuingia kati ya paa na ukuta. Tuliiweka mimi na Farid. Sasa misumari yote imeng'olewa, halafu bati ikalazwa tena pale pale, ukitazama kutoka chini hujui."

"Upepo huo."

"Upepo haishiki nyundo, mama."

"Basi wezi wa vyuma."

"Mwizi wa vyuma angeenda nayo."

Bi Aqsa alimrudishia bati. Thuo akarudi juu mbio, maana harufu ya mvua ilikuwa imeshafika. Akachonga mfereji mwembamba ukutani, akatia humo ukingo wa bati jipya, akapigilia, akapaka lami nzito juu yake. Vumbi la ukuta lilimwangukia Hikma kichwani, asijali. Matone ya kwanza yalipogonga bati, honi ya pikapu ililia nje. Zubair aliingia sebuleni akijifuta mvua, na Thuo akashuka kujikinga barazani.

"Mmefunganya?" Zubair aliuliza.

"Kaa kwanza," mama yake akamwambia. "Tunaisikiliza mvua."

Ikaja kweli kweli. Mabati yalinguruma hata mtu asimsikie mwenzake. Nyuma ya pazia, Hikma alikuwa tena juu ya stuli, kiganja kimebandikwa ukutani, akisoma kila dua aliyofunzwa madrasa. Aliona mstari mweusi kwenye ubao. Akaugusa. Ulikuwa ule ule wa zamani, mkavu. Alisubiri mpaka mvua ikapungua nguvu, ndipo akathubutu kusema.

"Mama, hakuvuji."

"Haiwezekani," Zubair alisema. "Tazama vizuri, shemeji. Ile kona ya juu ya kitanda, upande wa ghorofa."

Hikma alishuka kitandani, akasogea karibu na pazia. Alitaka kujibu kwa hasira, lakini Bi Aqsa alitangulia.

"Zubair. Chumba hicho umekiingia lini tangu ndugu yako afe?"

"Si wewe uliniambia kwenye simu?"

"Nilikuambia nyumba inavuja. Kona sikukutajia."

Bi Aqsa alimwita Thuo alete lile bati kuukuu, akalipokea kwa mikono miwili, akalilaza mapajani mwa mwanawe, likitiririka maji.

"Nenda nalo Kayole," alimwambia. "Pikapu yako isirudi tupu."

Ilipoondoka, Bi Aqsa aliingia chumbani, akalisukuma godoro kitandani hadi chini ya kona ile ile. "Nitalala mimi upande huu," alisema. Akajilaza, akaugeukia ukuta. Hikma alidhani anausikiliza ukuta kama unavuja, mpaka alipoona mabega yake yakitikisika. Akaketi kitandani karibu naye, na mkono wake akauweka juu ya bega la mama wa Farid, mama wa Zubair.