Vidonge vya Alhamisi

Kwenye picha ya hospitali, moyo wa Odero ulikuwa giza mahali palipotakiwa kung'aa, lakini Milcah, mkewe, hakuipa picha hata nusu ya macho yake. Alikuwa akimchunguza mumewe. Mkobani alibeba vidonge kumi na vinne, vimefungwa kwenye kitambaa kwa mafundo mawili. Alivikuta jana katika sanduku la vifaa vya kazi, chini ya koleo na nyaya za umeme.

"Mishipa ya fahamu humwaga kemikali ya kuuambia moyo uende mbio," alieleza Daktari Thuo. "Ikishamaliza kazi, mishipa huivuta tena ndani, itumike siku nyingine. Dawa tuliyokudunga asubuhi inaiga kemikali hiyo. Kwako haikuvutwa, ndiyo maana moyo uko giza."

"Maana yake?"

"Huenda mishipa imekufa, na itabidi tukupasue kifua tukuwekee mashine. Au kuna dawa unayokunywa inayoziba njia. Kuna yoyote, mzee?"

"Hakuna," alijibu Odero, haraka mno.

Milcah aliujua uongo huo. Tangu Februari, kila Alhamisi, Odero alivaa shati la kanisani akatoka nyumbani Kabiria kwenda "kufunga nyaya" Kileleshwa, mtaa wa matajiri, kisha akarudi macho mekundu na kucha safi. Fundi gani wa umeme hurudi na kucha safi? Alikuwa amelinusa shati. Alikuwa ameipekua simu. Vidonge vilipojitokeza akajumlisha mwenyewe: mwanamke wa ghorofani, na dawa za kumtia mzee nguvu. Alikusudia kuvitandaza Jumapili mbele ya ndugu zake Odero, aone atauficha wapi uso wake.

Akivitoa hapa, mgeni ndiye atakayeiona aibu yao kwanza. Asipovitoa, huyu mtu atapasuliwa bure. Alimchukia wakati huo, alimchukia kweli, na bado hakutaka apasuliwe.

Alifungua mafundo kwa meno.

"Muulize dawa hizi ni za nini," alisema. "Muulize ni nani anampa huko Kileleshwa."

Daktari alikigeuza kidonge kimoja, akasoma maandishi yake. "Hizi ni dawa za huzuni, mama. Na ndizo zinazoziba. Kemikali hubaki nje, mishipa ikishindwa kuivuta." Akamgeukia Odero. "Nani alikuandikia?"

"Kuna daktari huko." Odero alikuwa akitazama viatu vyake. "Naendanga kuongea tu. Kuhusu Awuor."

Jina la binti yao lilikuwa halijatajwa nyumbani tangu wamzike. Milcah ndiye aliyelipiga marufuku. Hata picha aliitoa ukutani, akajiambia ni kwa ajili ya kumpumzisha mumewe.

"Ungeniambia," alisema.

"Ulikataa jina lake, Milcah. Ningekuambia na maneno gani?"

"Usiziache ghafla," alisema Thuo. "Nitaongea na daktari wako azipunguze taratibu, kisha turudie picha. Upasuaji ungoje."

Nje, kwenye korido, Milcah alikuwa bado na shaka yake. Haikuwa ya kumtoka siku moja.

"Huyo daktari ni mwanamke?"

"Mwanamke. Ana wajukuu."

"Alhamisi tunaenda wote. Nimwone na macho yangu."

Odero hakubisha. Alianza kushuka ngazi polepole, mkono kifuani. Tangu mazishi, Milcah alikuwa akimwita "Odero" tu, kama mpangaji wa jirani.

"Baba Awuor," aliita. "Ningoje."

Odero akasimama. Hakugeuka, ila mabega yake yalianza kutikisika.