Majina ya Misuko ya Swabaha

Kila Alhamisi alasiri Mbodze alikuwa akifunga kibanda chake cha ususi pale Mwembe Tayari na kwenda Bondeni kumsuka Swabaha, ili Ijumaa imkute nadhifu. Swabaha alikuwa na miaka thelathini na minane, lakini mtaa mzima ulimwita "yule mtoto" kwa kuwa akili yake haikukua pamoja na mwili. Tangu mama yao afariki alikaa kwa kaka yake, Abdulghafur, bwana wa salamu ndefu msikitini na dukani. Kaka akitoka hufunga mlango kwa nje na kuacha ufunguo chini ya tofali, mahali msusi alipopajua.

Swabaha alikuwa na mchezo wake. Mbodze akimgusa mahali fulani kichwani, hutamka, "Kufuli." Akimgusa pengine, "Mwiko." Mbodze hucheka. Misuko ina majina, na yeye alidhani mwenzake anajibunia yake. Makovu aliyaona, naam, lakini Abdulghafur alikwisha kumwambia kwamba dada yake ana kifafa, huanguka ovyo. Akaamini. Ungekuwa wewe usingeamini, na salamu zile?

Alhamisi moja ya mwaka tisini na sita, chanuo lilinasa kwenye kidonda kibichi, na mikononi mwa Swabaha mlikuwa na alama za kamba. Kifafa gani hicho kinachofunga watu kamba? Mbodze alimaliza kusuka, akaenda zake nyumbani, Tononoka.

Asubuhi alikwenda ofisi ya watoto, maana si mtoto huyo? Karani, Naomi, alimsikiliza kwa huruma na kushika kalamu.

"Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na minane."

Kalamu ikasimama. "Pole, mama. Huyo si mtoto. Sheria yangu haimfikii. Nenda polisi."

Kituoni alimkuta Konstebo Mutunga.

"Ni mtu mzima?"

"Si mzima, afande. Akili yake..."

"Nimekuuliza umri, mama, si afya."

"Kwa umri, ni mtu mzima."

"Basi aje mwenyewe alalamike. Na wewe ni nani wake?"

"Msusi wake."

Askari wa meza ya pili akacheka. Mbodze akatoka nje. Mtaani Swabaha ni mtoto, ofisini si mtoto, kituoni ni mtu mzima asiye mzima. Sasa anayempiga anashtakiwa wapi? Au ni yeye Mbodze anayejitia katika mambo ya watu? Alikuwa na hasira, alikuwa na hofu, na hakujua ipi imetangulia. Akarudi ndani.

"Afande, sheria inanilazimisha kuripoti?"

"Wewe msusi tu? Haikulazimishi."

"Inanikataza?"

Mutunga akajikuna kidevu. "Haikukatazi. Mtu akipigwa, yeyote anaweza kuripoti. Lakini bila yeye nitaandika nini?"

Saa ya sala ya Ijumaa, Abdulghafur akiwa msikitini, Mbodze aliinua tofali, akafungua mlango na kumleta Swabaha kituoni ndani ya buibui lake.

"Nani amekupiga?" Mutunga akauliza.

"Nimeanguka," Swabaha akajibu upesi, macho chini.

"Umesikia mwenyewe, mama." Mutunga akafunga kitabu.

Hapo Mbodze alipotea kabisa. Maneno yalimwishia, vikabaki vidole. Akamfunua Swabaha kichwa na kuanza kumfumua, angalau afande akione kile kidonda. Kidole kikagusa kovu la kwanza, lililopinda nusu duara.

"Kufuli," Swabaha akasema.

Kikagusa la pili, refu, jembamba.

"Mwiko."

Mikono ya Mbodze ikabaki hewani. Hayakuwa majina ya misuko.

"Kufuli la nani, dada?" Mutunga akauliza polepole.

"La kaka."

Mutunga akafungua kitabu tena. "Umemsuka muda gani, mama?"

"Miaka miwili."

"Na miaka yote hiyo alikuwa akikwambia?"

"Kila Alhamisi." Mbodze akalia mbele ya askari wote, kwa aibu. Alikuwa akiambiwa, akicheka, kisha akisuka juu yake.

Mutunga akaandika, akatoa fomu ya P3 ya kupelekwa kwa daktari. "Leo harudi kule. Ana pa kulala?"

"Kwangu, Tononoka."

Swabaha akaushika mkono wa Mbodze, akausogeza nyuma ya sikio, mahali ambapo nywele zilikuwa bado zimesukwa.

"Mlango," akasema.

Mbodze akajifuta machozi. "Andika, afande," akasema. "Mlango."