Mkwaruzo Ubavuni mwa Treni

Mzee mpiga picha alitazama kioo cha kompyuta. Picha yake ya treni ya usiku, aliyoipiga miaka thelathini iliyopita, ilikuwa imeoshwa ikaoshwa hata ikang'aa kama sahani iliyolambwa. Mabehewa yalimeremeta, hata mkuu wa stesheni mwenyewe hakuwahi kuyaona safi namna hiyo. Mwezi, ambao usiku ule haukuwapo, ulikuwa umetundikwa juu ya mnara wa ishara. Kinyaa kitupu.

"Unaionaje, baba?" mkwewe aliuliza, meno yote nje. "Nimetoa vumbi, nimetoa na ule mchirizi."

"Mchirizi upi?"

"Ule mweupe, ubavuni mwa treni. Programu yenyewe iliona ni mkwaruzo."

Mkwaruzo! Mzee alitamani kutema mate. Usiku ule aliiacha kamera wazi dakika mbili nzima, na shemeji yake, mkaguzi wa mabehewa, akatembea toka injini hadi behewa la mwisho akimulika magurudumu. Kamera ikiachwa hivyo haimshiki mtu anayetembea gizani; inashika taa yake tu. Wiki iliyofuata shemeji alisagwa na treni hapo hapo relini. Maisha yake yote alikuwa akikimbia kamera, na hakuacha picha yake hata moja, ila mstari ule wa taa.

"Rudisha ya zamani."

"Nilihifadhi juu ya ile ile, baba. Si una negativu lakini?"

Hapo kinyaa kikamgeukia mwenyewe. Negativu, zile filamu za asili, zilikuwa zimeanza kuoza na kunuka siki. Jumatatu, baada ya mkwewe kuzinakili zote kwenye kompyuta na kumwonyesha maajabu ya mashine, alizibeba boksi zima akazitupa jaani, tena kwa mbwembwe, huku akipiga mluzi. Gari la taka lilipita Jumanne. Majuto ni mjukuu.

Alasiri dada yake, mjane wa mkaguzi, alikuja kuchukua picha, iliyokwisha kuchapishwa, ya kutundika sebuleni. Msumari alishakuwa nao mkobani. Alivaa miwani, akapitisha kidole ubavuni mwa treni, toka injini hadi behewa la mwisho, kisha akarudia.

"Imetakata kweli, kaka," alisema. Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake. "Sasa baba watoto mmemweka wapi?"