Ujuzi Tisa wa Tumirah

Kiwanda kilifungwa Jumatatu. Hadi Alhamisi Tumirah alikuwa bado anaamka saa kumi na moja alfajiri, anafunga hijabu yake ya kazini, halafu anakumbuka kwamba hana pa kwenda. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshona kola za mashati katika safu ya cherehani iliyoitwa laini namba sita, kaskazini mwa mji wa Semarang, kule ambako bahari ikijaa maji hupanda barabarani na watu hupita viatu mkononi.

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alizunguka na bahasha ya khaki yenye maombi ya kazi kutoka geti hadi geti. Viwanda viwili vilimwambia vinataka wasiozidi thelathini na mitano. Kwenye geti la tatu mlinzi hata bahasha hakuipokea.

"Mama, za wenzio zimejaa kabatini, mende ndio wanaozisoma," alimwambia, bila kejeli. "Kazi siku hizi ziko mtandaoni. Jiandikishe Tangga."

Tangga, maana yake ngazi, ilikuwa tovuti ya chuo cha ufundi cha wilaya. Mtu anaeleza anachokijua, anasoma masomo, anafanya mitihani, na mstari wa kijani unamwonyesha amefika wapi. Waajiri nao huingia humo humo kutafuta watu.

Jioni ile binti yake Niken, aliyekuwa akisomea uuguzi, alimfungulia akaunti. Palipoulizwa ujuzi wake, Tumirah aliandika neno moja tu: Kushona. Mstari wa kijani ukajivuta kidogo, ukasimama. Asilimia nane.

"Nane!" alisema mumewe Sakiman, fundi wa baiskeli, mikono ikiwa bado na grisi. "Hata mimi niliyeikimbia shule ningepata kumi."

"Nawe nenda kaoge kwanza, ndipo uje kunisahihisha."

Niken alicheka, kisha akamgeukia mama yake. "Mama, cherehani likikorofisha ulikuwa unamwita nani?"

"Nimwite nani? Fundi mwenyewe anakuja kesho kutwa. Nilikuwa nalifungua nalirekebisha."

"Andika. Na wasichana wapya nani alikuwa anawafundisha?"

"Mimi. Walikuwa wanaletwa kwangu wakilia, wanaondoka wanashona."

"Andika hiyo pia. Na shati bovu nani alikuwa analiona?"

"Kola mbovu naijua hata kwa kidole, mwanangu, macho nimefumba."

Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Walipohesabu, ujuzi ulikuwa tisa. Tumirah aliusoma mmoja mmoja kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma habari za mwanamke mwingine ambaye angependa kukutana naye.

Lakini mstari haukusogea. Kila ujuzi ulihitaji kuthibitishwa na mtu aliyewahi kumwona akiufanya, na mtu huyo awe msimamizi. Msimamizi wa laini namba sita alikuwa Bu Harwati, yaani Mama Harwati.

Hapo Tumirah akaiweka simu chini. Hawakuwa wamesemezana miaka mitatu. Siku moja sindano za laini nzima zilikuwa zinakata nyuzi za kitambaa, matobo madogo ambayo yangekuja kuonekana baada ya kufuliwa. Tumirah akasimamisha kazi. Bu Harwati akaja mbio, akamkemea mbele ya wanawake arobaini, akamwita mvivu anayetafuta kisingizio. Naye Tumirah, ambaye si mtu wa maneno, akamjibu: "Wewe ni msimamizi wa saa, si wa mashati." Sindano zilibadilishwa, kazi ikaendelea, na salamu zikakatika tangu siku hiyo.

"Huyo atanithibitishia nini?" alimwambia Niken. "Kiburi labda."

"Muombe tu, Mama. Akikataa utakuwa umepungukiwa nini?"

Alibonyeza kitufe cha kuomba akiwa amegeuza uso, kama mtu anayechomwa sindano.

Wiki ya kwanza ikapita kimya. Ya pili nayo. Tumirah hakukaa bure. Somo la ukaguzi wa ubora alilimaliza kwa siku tatu, maana lilimfundisha aliyokuwa akiyajua, ila kwa majina mapya. Somo la majedwali ya kompyuta ndilo lililomtoa jasho. Alifeli mtihani mara mbili. Mara ya pili alitaka kuitupa simu kwenye ndoo.

"Hivi visanduku vinanionea," alimlalamikia Sakiman.

"Vichukulie kama vipande vya shati," alimjibu, huku akizungusha gurudumu. "Kila kipande mahali pake, halafu unaunga."

Aliyasema kwa mzaha, lakini yalimwingia. Mara ya tatu akafaulu kwa alama themanini na moja, akatoka nje kuwatangazia majirani, hata wale ambao hawakujua alichokuwa akisoma. Mstari ukafika thelathini na nne. Hapo ukaganda. Bila uthibitisho usingepanda.

Siku ya kumi na tisa, alipokuwa akimenya vitunguu, simu ikalia. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akafungua. Ujuzi wote tisa ulikuwa umethibitishwa. Mstari ulikuwa sabini na sita. Na chini, palipoachwa nafasi ya maoni, ambapo wengi huandika "mchapakazi" wakaishia hapo, Bu Harwati alikuwa ameandika hivi:

"Nimemsimamia miaka kumi na mmoja. Mara moja alisimamisha laini yangu kwa sababu ya sindano. Nilimkemea mbele ya watu. Mashati yale yangekwenda, yangerudishwa yote, na mimi ningefukuzwa. Alikuwa sahihi, nami sikumwambia. Atakayemwajiri asimnyamazishe."

Tumirah akasoma mara tatu. Niken alipotoka chumbani alimkuta mama yake analia, akadhani ni vitunguu.

Baada ya siku sita akaitwa na karakana moja ndogo iliyokuwa ikishona mavazi ya madaktari na wagonjwa. Mwenye karakana, mwanamke mwembamba aitwaye Bu Liswati, alikuwa ameyasoma maoni yale. Hakumuuliza umri. Alimwekea mezani gauni la upasuaji, akamwambia, "Niambie lina nini." Tumirah alipitisha kidole kwenye mshono wa bega, akasema litaachia likifuliwa mara ya tano, uzi umekazwa mno. Bu Liswati akamwajiri siku hiyo hiyo, awafundishe wasichana wanane na kukagua kila kinachotoka.

Nyumbani Sakiman alisema alhamdulillah, kisha akaongeza, "Sasa nenda kamshukuru yule mama. Isije ikawa asante ya punda."

Ijumaa mchana Tumirah alinunua samaki wawili wa bandeng waliopikwa mpaka miiba ikalainika, akaenda. Bu Harwati alikuwa barazani kwake, amevaa miwani, anahangaika na simu. Nywele zilikuwa zimeingia mvi zaidi kuliko alivyomkumbuka. Waliangaliana.

"Nimekuja kusema asante, Bu," alisema Tumirah. "Sikutegemea."

"Nilichelewa. Sikuwa na akaunti. Ilinibidi nijifunze kwanza hilo dude." Akasogeza kiti. "Kaa. Samaki hao wanaliwa au wanatazamwa?"

Walikula. Katika kula Tumirah akaiona simu iliyokuwa mezani: mstari wa kijani, asilimia kumi na mbili.

"Na wewe unatafuta?"

"Natafuta. Sisi wasimamizi tunathibitishwa na tuliowasimamia, nami nimewaomba watu ishirini na wawili wa laini zangu." Bu Harwati akachambua samaki kwa makini. "Hakuna aliyejibu. Siwalaumu. Nilikuwa mkali."

"Mimi hukuniomba."

"Ningeanzaje?"

Tumirah akanawa mikono, akatoa simu yake. "Niombe sasa hivi," alimwambia. Ombi lilipoingia akainama, akaandika polepole, akifuta na kurudia, mwenzake akijifanya anakusanya sahani. Kisha akamsomea:

"Alikuwa mkali, na sauti yake ilifika laini ya tisa. Lakini hakuna siku aliyotunyima muda wa sala. Moshi ulipotoka kwenye chumba cha pasi alituhesabu nje, tukawa thelathini na tisa, akarudi ndani kumtafuta wa arobaini. Na akikosea, anaandika. Ni wachache wawezao."

Bu Harwati alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. "Ile sauti ungeiacha," alisema.

"Siwezi, Bu. Wenzangu watasema nimehongwa samaki."

"Samaki umeleta wewe!"

Walicheka mpaka jirani akachungulia. Kabla ya magharibi Tumirah alikuwa amewapigia simu wanane katika wale ishirini na wawili. Watano walikubali palepale. Wawili walisema watafikiria. Mmoja alikata simu, na Bu Harwati akasema huyo naye ana haki yake.